Maumivu makali ya ghafla usiku: hatua kwa hatua mpaka kitengo cha dharura

Naendesha bajaji Tabata, zamu ya usiku. Simu za saa nane usiku nazijua kabla sijazipokea. Mtu anahema, nyuma yake mama anaomba dua, kisha linakuja swali lilelile: "Kaka, tumbo limenishika ghafla, sijui nimekula nini. Twende sasa hivi au nivumilie kukuche?" Njiani yanafuata mengine. Tuanzie zahanati au hospitali kubwa? Nina elfu thelathini tu, watanipokea? Nikifika naanzia dirisha gani?

Nimeyajibu mpaka nimechoka, nayaandika hapa mara moja. Mimi si daktari. Nimewahi kuwa mgonjwa mwenyewe (mawe kwenye figo, usiombe), na dada yangu ni nesi wa zamu za usiku. Rasimu ya kwanza aliisoma akafuta karibu nusu, kilichobaki ndicho hiki. Hospitali ninazozitaja ni za Dar es Salaam kwa sababu ndiko ninakozunguka.

NANI ASISUBIRI KUKUCHE

Kipimo cha dada yangu ni kifupi: maumivu makali, yameanza ghafla, hujawahi kuyapata, na huna maelezo yake. Hayo hayasubiri asubuhi. Na ukiona lolote kati ya haya yafuatayo, soma hatua ya 1 na ya 2 ukiwa unavaa viatu:

- Kifua kinabana au kinauma, maumivu yanapanda shingoni, kwenye taya au mkononi, jasho jembamba linakutoka, pumzi inakata.
- Kichwa kimekupiga kama radi na kufika kileleni ndani ya dakika moja. Au kichwa pamoja na homa, na shingo imekakamaa.
- Tumbo limekuwa gumu kama ubao na hutaki hata shuka likuguse. Au unatapika mfululizo na huku chini hakitoki choo wala upepo.
- Mwanamke yeyote wa umri wa kuzaa mwenye maumivu ya ghafla chini ya kitovu, hasa upande mmoja, pamoja na kizunguzungu au matone ya damu. Mimba iliyotunga nje ya kizazi ikipasuka, damu inavujia ndani, nje hakuna wa kuiona. Wengine huumwa hata ncha ya bega.
- Korodani moja imeanza kuuma ghafla. Inaweza kuwa imejisokota, na nafasi nzuri ya kuiokoa ni ndani ya saa 6 hivi. Vijana wanaona aibu kumwambia mama, wanalala nayo. Asubuhi inakuwa habari nyingine.
- Ngiri iliyokuwa ikitoka na kurudi, leo imegoma kurudi na inauma.
- Mguu au mkono mmoja umeuma ghafla, umepauka na kuwa wa baridi kuliko mwenzake.
- Kiuno kinauma na umepata ganzi sehemu za siri, au mkojo umegoma kutoka.
- Mgonjwa wa selimundu (sikoseli) ambaye maumivu yake yamezidi yale aliyoyazoea, au yako kifuani, au ana homa.

VITU VYA KUWA NAVYO

Hivi viandaliwe leo, wakati hakuna anayeumwa. Mfuko mmoja, uning'inie nyuma ya mlango.

Kadi ya bima na kitambulisho cha NIDA, au angalau picha zake kwenye simu. Dawa zote unazotumia, na maboksi yake, maana "kile kidonge cheupe cha presha" hakimsaidii daktari. Karatasi za hospitali za zamani kama zipo. Chaja. Pesa kidogo taslimu za noti ndogondogo, nyingine zikae kwenye simu. Mifuko miwili ya plastiki ya kutapikia. Sweta, kwa sababu korido za hospitali usiku zina baridi hata Desemba.

Na khanga mbili. Hili nasisitiza kuliko yote. Khanga ni shuka, ni mto, ni pazia daktari akitaka kukupima tumbo pale penye watu, ni taulo ukitapika, na msindikizaji akichoka anaitandika chini. Nimebeba watu waliokuja na birika la chai na hawana khanga.

Cha mwisho ni mtu. Msindikizaji mmoja mwenye akili tulivu na simu yenye chaji. Si lazima awe mkubwa wa ukoo. Watu sita nyuma ya mgonjwa mmoja hawaongezi kasi, wanaongeza kelele getini.

HATUA

1. Tazama saa

Maumivu yameanza saa ngapi? Iandike kwenye simu. Utaulizwa swali hili na mlinzi, nesi, daktari wa kwanza na daktari wa pili, na kila ukizidi kuumwa jibu linazidi kupotea. Andika pia ulikuwa unafanya nini: umelala, unabeba ndoo, umetoka kula. "Yameniamsha usingizini" ni taarifa kubwa kuliko watu wanavyodhani.

2. Funga mdomo

Usile. Ukihitaji upasuaji wa haraka, tumbo tupu linawarahisishia kazi watu wa dawa ya usingizi. Kwa kawaida wanataka saa 6 bila chakula. Uji wa "kupata nguvu" unaolishwa na shangazi kabla ya safari ndio huo unaokuja kuleta shida mbele.

Usimeze mseto. Hapa ndipo makosa mengi yanapofanyika, na yote kwa nia njema. Diklofenaki kutoka duka la dawa inaweza kuwashia moto mtu mwenye vidonda vya tumbo au figo mbovu. Dawa ya kulainisha choo kwa mtu ambaye utumbo umejisokota ni hatari. Antibayotiki iliyobaki mwaka jana haitibu kitu ambacho hakijajulikana. Dawa ya chango, maji ya majani, mafuta ya kusugulia tumbo kwa nguvu: acha. Kuchua tumbo hasa, acha kabisa.

Panadoli mbili za miligramu 500 kwa funda moja la maji, kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini na asiyetapika, dada yangu anaruhusu. Andika saa ulipomeza.

3. Chagua pa kwenda

Zahanati nyingi za mtaa usiku zimefungwa, au yupo mlinzi na nesi mmoja bila maabara. Kwa maumivu ya orodha ile ya juu, tafuta mahali penye vitu vitatu usiku huohuo: daktari, maabara na chumba cha upasuaji. Kwa Dar, hospitali za rufaa za mkoa ni Amana upande wa Ilala, Temeke, na Mwananyamala upande wa Kinondoni. Zinapokea dharura saa 24. Baadhi ya vituo vya afya vinapasua pia. Ulizia cha kwenu leo mchana, usisubiri siku ya shida.

Watu wengi wanataka Muhimbili moja kwa moja. Kitengo chake cha dharura, kilichofunguliwa mwaka 2010, ndicho kilichoanza kuonyesha nchini idara kamili ya dharura ya umma inavyotakiwa kuwa, sikatai. Lakini ukiwa Gongo la Mboto na kifua kinabana, hospitali bora ni ile iliyo karibu. Wakikuona umewazidi, watakutuliza na kukuhamisha kwa gari la wagonjwa ukiwa na dripu na karatasi. Hiyo ni tofauti kubwa na kuzunguka na mimi kwenye bajaji dakika arobaini.

Barua ya rufaa? Kwa dharura haiulizwi. Usipoteze muda kuitafuta.

4. Usafiri

Namba ya dharura ya jumla ni 112. Kwa mama mjamzito, aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga, piga 115 ya m-mama. Ni bure, na wanaratibu usafiri mpaka kituoni. Ukiona gari la wagonjwa halina dalili ya kufika, nenda na kilichopo.

Bodaboda si ya mtu mwenye maumivu makali. Akizimia katikati mnaanguka wawili. Bajaji au teksi, msindikizaji akae nyuma pamoja naye. Mwenye maumivu ya kifua aketi, asilazimishwe kulala. Mwenye tumbo mwache akae anavyoona nafuu. Na mgonjwa asijiendeshe gari mwenyewe, hata kama ni la kwake na anajua njia.

Kitu kimoja cha dereva: matuta. Nimezoea kuangalia abiria kwenye kioo ninapopita tuta. Kuna wanaojinyonganyonga muda wote, tuta haliwaongezei wala kuwapunguzia. Mimi na mawe yangu nilikuwa hivyo. Na kuna wanaokaa kimya, wamekunja miguu, kisha tuta moja dogo linawatoa ukelele. Siku moja nilimrudisha nyumbani daktari aliyetoka zamu nikamwambia hilo, akacheka, akasema wenzake wa Uingereza wamelipima. Mwaka 2012, hospitali ya Stoke Mandeville, kati ya wagonjwa 34 waliothibitika kuwa na kidole tumbo, 33 walisema maumivu yaliongezeka gari lilipopita kwenye matuta. Kwa hiyo jiangalie njiani na ukifika uwaambie. Haithibitishi ugonjwa peke yake, ila ni taarifa ambayo nesi hawezi kuipata kwa kukutazama umekaa kwenye benchi.

5. Getini

Mlinzi ndiye mtu wa kwanza, na hadithi ndefu haimsaidii. Mwambie: "Mgonjwa wa dharura, hawezi kutembea, naomba kiti." Utapewa kiti cha magurudumu au machela na kuonyeshwa mlango. Ukianza na "tumekuja kumwona daktari", utaelekezwa kwenye benchi la wagonjwa wa kawaida, na mlinzi hatakuwa na kosa.

Msindikizaji asikimbilie dirisha la usajili akamwacha mgonjwa kwenye bajaji. Mgonjwa kwanza, faili baadaye.

6. Sentensi ya kwanza

Hapa ndipo nataka utulie, maana kazi yote ya usiku huo imelala hapa.

Homa ina kipimajoto. Damu ikitoka inaonekana. Maumivu hayana chombo. Nesi wa mapokezi ya dharura atakupima presha, mapigo, joto na oksijeni ya kubana kidoleni, na vyote vinaweza kusoma vizuri wakati kitu kinapasuka ndani. Kilichobaki ni maneno yako.

Mimi usiku wangu niliyapoteza. Niliingia hospitali moja hapa mjini nikiwa nimejikunja, nesi akauliza shida nini, nikajibu kiume: "Tumbo linaniuma kidogo." Kidogo! Nikaandikwa, nikaelekezwa benchi. Nilikaa saa moja na nusu mpaka mhudumu aliyekuwa anapiga deki akaniona niko chini natambaa kuelekea kwenye ndoo yake. Yule nesi alikuwa ameandika nilichomwambia.

Salamu iwe fupi. Shikamoo moja inatosha, nao wanajua una adabu. Kisha toa sentensi moja yenye vitu vitano: saa, jinsi yalivyoanza, mahali, aina, ukali. Hivi:

"Sista, saa saba kasoro usiku nimeamshwa na maumivu ya ghafla ubavu huu wa kushoto, yanakuja kwa msokoto na kushuka kinenani, ni 9 kwa 10, nimetapika mara mbili."

Dada yangu anasema mgonjwa mmoja kati ya wengi anaongea hivi, na akitokea, kalamu inakimbia yenyewe.

Mahali: onyesha kwa kidole kimoja, usipapase kwa kiganja. Majina yetu ya mwili yanachanganya. Mtu anasema "moyo unaniuma" huku anashika chembe ya moyo, ambako ni juu ya tumbo. Mwingine anasema "kiuno" akimaanisha nyonga. Kidole hakichanganyi. Sema pia kama yamehama: yale yaliyoanzia kitovuni kisha yakashuka chini kulia yana maana yake kwa daktari, na yale ya mgongoni yanayozunguka kuja kinenani yana yake.

Aina: Kiswahili hapa kimetupa utajiri, tuutumie. Yanachoma, yanakata, yanakeketa? Yanasokota, yaani yanakuja na kuachia? Yanabana kama mtu amekukalia? Yanapwita pamoja na mapigo? Ni kichomi, kinachokudunga kila ukivuta pumzi? "Yananiuma sana" ni kweli, lakini haimwonyeshi daktari pa kuanzia.

Ukali: watakuuliza kwa 0 mpaka 10. Usiseme 10 huku unajibu meseji. Wala usiseme 4 kwa sababu umelelewa kuvumilia. Njia nzuri ni kulinganisha na kitu: "Nimezaa watoto watatu, haya yamezidi uchungu." "Nilivunjika mkono, ule ulikuwa nusu ya haya." Eleza pia yamekuzuia nini: siwezi kunyooka, siwezi kulala chali.

Usiwape ugonjwa badala ya maumivu. Ukisema "nina vidonda vya tumbo" au "ni UTI yangu hii", umewafungia mlango mmoja. Binti mmoja niliyempeleka alikuwa ametumia dawa za UTI siku mbili, kwa ushauri wa rafiki. Mezani akaanza, "Nina UTI sugu." Mama yake akamkatiza: "Sista, hajaona siku zake wiki ya saba, na tangu jioni anaona kizunguzungu." Hapo mambo yakabadilika mbio. Ilikuwa mimba nje ya kizazi.

7. Rangi, na kusubiri

Baada ya hapo utapangwa. Hospitali nyingi zinapanga kwa rangi. Mfumo ulioanzia Afrika Kusini una nyekundu ya papo hapo, chungwa ya ndani ya dakika 10, njano ya ndani ya saa 1, na kijani ya ndani ya saa 4. Kwenye mfumo huo maumivu makali sana yanakupeleka chungwa, ya wastani njano, madogo kijani. Sasa unaelewa "kidogo" yangu ilinipeleka wapi. Kwingine wanatumia rangi tatu tu.

Foleni haifuati nani amefika kwanza. Atapita mtu uliyemtangulia, hajapendelewa. Uliza kwa upole: "Sista, nimepangwa rangi gani?" Kisha kaa mahali unapoonekana kutoka kwenye meza, usiende kulala kwenye gari.

Kusubiri si kunyamaza. Maumivu yakibadilika, yakihama, ukianza kutokwa jasho, kuona giza au kutapika damu, msindikizaji anyanyuke aseme kilichobadilika: "Alikuwa anaongea, sasa anajibu kwa shida." Hiyo inamfanya nesi aje kupima upya. "Mmetutelekeza tangu saa nane!" inaleta ugomvi tu.

8. Mbele ya daktari, sema kweli

Ataulizia mimba, dawa, pombe, mzio, magonjwa ya zamani, upasuaji, mara ya mwisho kula. Mwanamke atapimwa mimba kwa mkojo hata akiapa haiwezekani. Hata mwenye sindano au kijiti cha uzazi wa mpango. Kubali tu. Kama mama mkwe ndiye msindikizaji na kuna jambo hutaki alisikie, mwambie daktari, "Naomba tuongee wawili." Watamtoa nje bila kueleza sababu.

Mitishamba itaje. Kutoa mimba kwa vidonge kutaje. Umemeza nini na saa ngapi. Wanachotaka kujua ni kinachovuja damu na kinachoharibu ini, na nusu ya ukweli inawapeleka njia ndefu.

9. Dawa ya maumivu, iombe

Kuna imani ya zamani kwamba ukipewa dawa ya maumivu kabla ya uchunguzi, daktari atapotea. Mafunzo ya sasa hayaendi hivyo: mgonjwa aliyetulizwa anapimika vizuri zaidi. Sema, "Daktari, naomba kitu cha kupunguza maumivu wakati mnachunguza." Ukipewa, uliza jina lake na uandike saa.

10. Vipimo na malipo

Tarajia damu, mkojo, pengine malaria, altrasaundi ya tumbo, kipimo cha umeme wa moyo kwa mwenye kifua, na eksirei au siti skani ikihitajika. Hospitali za serikali zinakupa kontroli namba, unalipa kwa simu. Kazi hiyo ni ya msindikizaji: atembee yeye kati ya dirisha na maabara, mgonjwa abaki mahali pamoja. Kila risiti na kila jibu la kipimo lipigwe picha. Karatasi zinapotea, hasa zamu zinapobadilishana asubuhi.

11. Kabla hujaruhusiwa

Usitoke na bahasha ya dawa bila majibu ya maswali haya: mmeona nini, au mmeondoa nini? Dawa hizi ni za siku ngapi? Dalili gani zinirudishe usiku huuhuu? Nirudi lini, kliniki gani? Msindikizaji aandike, kwa sababu mgonjwa aliyepigwa sindano ya usingizi hukubali kila kitu.

YAKIENDA MRAMA

Maumivu yameisha njiani. Abiria huniambia, "Kaka, geuza, nimepona." Sigeuzi. Kidole tumbo kikipasuka, maumivu yanaweza kupoa kwa muda kisha yakarudi tumbo zima. Korodani pia. Ingia, pimwa, kisha urudi nyumbani kwa amani.

Umeambiwa ni gesi, na bado unaumwa. Gesi ipo. Lakini shambulio la moyo nalo huja na kiungulia na kubeua, hasa kwa mwenye sukari, mzee na baadhi ya wanawake. Kama umri umesogea au una presha au sukari, uliza bila ukali: "Daktari, je, kipimo cha umeme wa moyo tumekifanya?" Kama umeruhusiwa na maumivu hayashuki au yanaongezeka, rudi. Sema, "Nilitoka hapa saa tisa, nikapewa dawa hizi, yamezidi." Kurudi mara ya pili kunachukuliwa kwa uzito, si usumbufu.

Fedha haitoshi. Usikae nyumbani kwa ajili hiyo. Mgonjwa wa nyekundu huanza kuhudumiwa, karatasi zinafuata. Kwa bili iliyobaki, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali na ueleze hali yako mapema, kabla ya siku ya kuruhusiwa. Watoto chini ya miaka 5, wajawazito na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wako kwenye sera ya msamaha. Walioko Kenya wana ibara ya 43(2) ya Katiba yao ya 2010: mtu hanyimwi matibabu ya dharura. Itajeni kwa jina.

Wanadai PF3. Fomu hiyo ya polisi ni ya majeraha: ajali, kupigwa, kuchomwa kisu. Maumivu yaliyokuja yenyewe hayahusiani nayo. Wakikuuliza, eleza wazi kwamba hujaumizwa na mtu. Kama kweli umepigwa, sema umepigwa, tiba ianze na fomu ifuatwe na ndugu.

Mgonjwa ni mtoto, au mzee asiyeongea vizuri. Usitafsiri sana. Eleza ulichokiona: anakunja miguu tumboni, anakataa kuguswa upande huu, amelia saa mbili bila kunyamaza, mara ya mwisho kukojoa ni jana jioni. Kwa mtoto wa kiume anayelia na tumbo, mvue nguo, tazama korodani na kinena. Wengi hawatazami.

Mgonjwa wa selimundu anaambiwa anataka dawa tu. Linatokea, na linaudhi. Njoo na kadi ya kliniki, orodha ya dawa, na mtu anayelijua tatizo. Sema maumivu haya yanatofautianaje na ya kawaida yako.

Vipimo vyote vimetoka safi. Haimaanishi umebuni. Inamaanisha vile walivyovitafuta kwa vipimo hivyo havijaonekana usiku huo. Mawe yangu altrasaundi ya kwanza haikuyaona. Yalionekana siku ya nne kwenye siti skani. Omba nakala za majibu, panga tarehe ya kurudi, na uanze kuandika: yamekuja lini, yamekaa muda gani, ulikula nini.

Uko peke yako. Fungua mlango kwanza kabla maumivu hayajakuzidi, kisha piga simu kwa jirani na dereva. Mwambie dereva jina lako kamili, unapoumwa, na namba ya ndugu mmoja, ili ukizimia njiani getini awepo wa kusema. Mimi huwa naandika kwenye kiganja kwa kalamu ya wino. Na ukipanda bajaji yangu, mifuko ya kutapikia iko chini ya mto wa kiti, upande wa kulia.